Waraka kwa Wahudumu Wenzangu wa Marafa: Tuseme Kilichomo Ndani ya Chanjo

Kwa ndugu zangu wahudumu wa afya ya jamii, wa Marafa na wa vijiji vinavyotuzunguka mpaka Garashi, Bungale na Gongoni.

 

Nawaandikia juu ya swali ambalo hakuna hata mmoja wetu asiyewahi kuulizwa: "Kwani wametia nini humo ndani?" Mara nyingine mwulizaji ni mama mwenyewe. Mara nyingi zaidi ni nyanya aliyeketi kando, kajifanya hasikilizi, na kumbe ndiye atakayeamua kama mtoto ataenda kliniki au hataenda. Sisi tumezoea kumjibu, "Ni ya kumkinga mtoto, nyanya, usijali." Hilo si jibu. Ameuliza kilichomo, nasi tumemtajia kazi yake. Mtu mzima akijibiwa hivyo huona moja kati ya mambo mawili: ama anafichwa jambo, ama aliye mbele yake hakijui anachokinadi.

Ombi langu ni kwamba tulijibu swali hilo lote, na tuanzie pale pale tunapopaogopa, yaani kwenye vile vitu vinavyotiwa ndani ya chanjo makusudi ili kuuchokoza mwili. Wataalamu huviita ajuvanti. Humu nitaviita vichocheo. Navyo huchangia paja la mtoto kuvimba na homa kupanda usiku. Ndivyo pia vinavyozifanya chanjo nyingi za leo zifae kitu. Tukivinyamazia, tumelinyamazia jambo lenyewe.

Kwanza, kwa nini viwepo? Chanjo ya kifua kikuu anayodungwa mtoto mchanga, matone ya polio na sindano ya surua ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Vikiingia tu, mwili huvitambua kwa sura na tabia yake, kwa hiyo havitiliwi kichocheo. Chanjo nyingi zilizokuja baadaye haziko hivyo. Mtengenezaji huchukua kipande kimoja cha kijidudu, protini moja au sukari ya ganda lake, akakisafisha mpaka kikatakata. Faida yake ni kubwa, maana kipande hakizaani na hakiwezi kumwuguza mtu. Tatizo ni kwamba mwili hukipuuza. Mgeni akipita kijijini usiku wa manane bila kishindo, hakuna atakayeamka. Mtu akipiga yowe, milango yote inafunguka na watu wanatoka na tochi na mapanga. Kichocheo ndicho yowe.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Kwenye ngozi na kwenye nyama kuna seli ambazo kazi yake ni kumeza kitu kigeni na kukibeba hadi kwenye tezi, zile za kwapani na kinenani ambazo zikivimba tunasema mtoto ana mitoki. Huko ndiko seli za kutengeneza kingamwili zinakoonyeshwa adui. Lakini seli ya kubeba haimwonyeshi adui kwa uzito mpaka iwe imekutana na dalili ya hatari. Wazo hilo liliandikwa mwaka 1989 na Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, naye katika maandishi hayo hayo alikiita kichocheo siri ndogo chafu ya wataalamu wa kinga: wote walikuwa wakikitia kwenye majaribio yao, bila hicho hawapati kitu, na hakuna aliyekuwa akieleza kwa nini. Baadaye Jules Hoffmann kwa kuchunguza nzi, na Bruce Beutler kwa kuchunguza panya, walionyesha jinsi seli zinavyoinusa hatari. Mwaka 2011 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ralph Steinman, aliyegundua zile seli za kubeba. Kwa hiyo nyanya wa Marafa akishuku kuna siri ndani ya kichupa, hajakosea sana. Ilikuwapo, ila wenyewe wameshaitoa hadharani.

Asili ya siri hiyo ni hadithi ambayo mkulima yeyote wa hapa ataifurahia, nanyi isimulieni. Katika miaka ya 1920 dawa ya dondakoo ilitoka kwenye damu ya farasi. Farasi alidungwa sumu ya kijidudu kidogo kidogo mpaka damu yake ikajaa kingamwili, kisha maji ya damu ile akapewa mtoto mgonjwa. Gaston Ramon, daktari wa mifugo wa Taasisi ya Pasteur huko Ufaransa, akaona kwamba farasi waliotunga jipu pale walipochomwa sindano ndio waliotoa dawa kali kuliko wenzao. Akaamua kuutafuta uvimbe huo kwa makusudi. Aliichanganya sumu iliyokwisha kuvunjwa makali na vitu vya jikoni: makombo ya mkate, mafuta, na tapioka, ambayo ni wanga wa muhogo. Kingamwili zikapanda. Matokeo aliyachapisha mwaka 1925. Ndiyo kusema miongoni mwa vichocheo vya kwanza kabisa vya chanjo ni zao lile lile tunalolichimba hapa mahindi yanapotukatalia.

Mwaka uliofuata ikaja shabu. Alexander Glenny na wenzake, katika maabara za Wellcome kule Uingereza, walikuwa wakiitumia shabu kuitenga ile sumu iliyovunjwa makali na maji yake, izame chini ili waisafishe. Ni kazi ile ile ambayo shabu ya dukani huifanya kwenye mtungi wa maji ya Sabaki, tope likashuka na maji yakabaki meupe. Walipowadunga wanyama wa maabara ule mchanganyiko wa shabu, kinga yao ilizidi kwa mbali ya wale waliodungwa sumu tupu. Jina Wellcome mnalifahamu, liko kwenye kibao cha watafiti wa Kilifi. Henry Wellcome alikuwa mfanyabiashara wa dawa. Alifariki mwaka 1936, na mali aliyoiacha ndiyo mpaka leo inayogharimia sehemu kubwa ya kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoanza Kilifi mwaka 1989.

Ndugu wa shabu, yaani chumvi za alumini, wamo katika chanjo nyingi tunazozihimiza kila wiki: ile sindano moja ya magonjwa matano, ya nimonia, ya pepopunda wanayodungwa wajawazito, na ya saratani ya mlango wa kizazi ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana Oktoba 2019. Kipimo chake katika dozi moja hakizidi miligramu moja na robo. Mtu akikuambia alumini hiyo inaharibu watoto, mwambie kwamba Denmark walifuatilia kumbukumbu za watoto zaidi ya 1,200,000 waliozaliwa kati ya 1997 na 2018, wakaangalia maradhi sugu 50, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 hawakukuta kwamba waliopata alumini nyingi zaidi kwenye chanjo waliugua zaidi. Lakini msimwambie kwamba wataalamu wanajua barabara shabu inavyofanya kazi, kwa sababu wanabishana hadi leo. Zamani walidhani ni ghala tu, inakishika kile kipande kisiondoke upesi. Sasa wengi wanaona kwamba inawasha moto mdogo pale pale ilipodungwa, na moto huo ndio unaoziita seli. Kitu kimefanya kazi karibu karne nzima bila kueleweka barabara. Mimi sioni aibu kulisema hilo mbele ya watu, nanyi msione.

Kazi ya chanjo yenye chumvi hizo, hata hivyo, imepimwa hapa hapa kwetu. Chanjo ya nimonia iliingia Kenya mwaka 2011, na katika eneo la Kilifi linalofuatiliwa na watafiti watoto wote wa chini ya miaka mitano walipewa nafasi ya kuchanjwa. Matokeo yalitoka mwaka 2019: kwa watoto hao, maradhi makali ya bakteria wa aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92. Asilimia 92! Wauguzi wa siku hizi wanaona kwa nadra watoto ambao wenzao wa zamani waliwaona kila wiki.

Kuna pia mafuta. Mwaka 1997 Italia iliruhusu chanjo ya mafua ya wazee iliyotiwa matone madogo mno ya skwaleni, mafuta yanayokamuliwa kwenye ini la papa. Mkiwa na jamaa Malindi au Mambrui mtakuwa mmeinusa sifa, ile inayopakwa mbao za majahazi. Hayo ndiyo mafuta yenyewe kabla ya kusafishwa. Nayataja kwa kupita tu, maana si ya kliniki zetu.

Mnaikumbuka kampeni ya pepopunda ya mwaka 2014. Maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walitoa kauli kwamba chanjo ile imetiwa homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, WHO na UNICEF wakakana. Sitaki kuyafufua mabishano yale. Ninachotaka tuone ni kwamba habari ya kutisha juu ya kilichomo ndani ya kichupa humkuta haraka mtu ambaye hajawahi kuambiwa kilichomo ndani ya kichupa. Mwanamke aliyeelezwa mapema kwamba mna sumu ya pepopunda iliyovunjwa makali, mna ndugu wa shabu, na paja au mkono utauma siku mbili, akiletewa uvumi ana kitu cha kuupimia. Na hapa kwetu uvumi hauhitaji mwaliko. Watu waliokua wakisikia habari za mumiani, wale wanaosemwa kunyonya damu za watu, hawataacha kumshangaa mgeni anayetoa damu kwenye vichupa. Tena hii ndiyo nchi ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Kaburi lake liko Bungale hapo. Ukaidi wa watu wetu mbele ya jambo lisiloelezwa mimi siuiti ujinga.

Sasa nije kwenye malaria, ambako habari ya kichocheo na habari ya Kilifi ni moja.

Mbu akiuma, vijidudu vya malaria anavyovimwaga huingia kwenye ini ndani ya muda usiofika saa moja. Vikishajificha humo, kingamwili za kuvizuia njiani zimechelewa. Kwa hiyo chanjo inayotaka kuvizuia njiani inahitaji kingamwili nyingi mno, ziwe tayari zimeenea kwenye damu kabla mbu hajatua. Kazi ya kuitengeneza chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, ilianza miaka ya 1980 kati ya kampuni ambayo leo ni GSK na Taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani. Walichukua kipande cha protini inayofunika kijidudu, wakakiunganisha na protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B ili viwe chembe moja. Chembe ilikuwa safi na nzuri, na haikutosha.

Jaribio lililochapishwa mwaka 1997 linapaswa kukaa kichwani mwa kila mmoja wetu, maana linasema yote. Watu wazima waliojitolea waligawanywa makundi matatu. Wote walidungwa chembe ile ile. Kilichotofautiana ni kichocheo tu. Kisha wakaumwa na mbu wenye malaria kwa makusudi. Waliotiliwa kichocheo cha shabu na mafuta ya bakteria, mmoja kati ya 8 ndiye aliyenusurika. Waliotiliwa matone ya mafuta, 2 kati ya 7. Kundi la tatu lilitiliwa matone ya mafuta, na ndani yake mafuta ya bakteria na dondoo ya gome la mti: 6 kati ya 7 walinusurika. Adui aliyeonyeshwa ni yule yule, ila yowe lilibadilika.

Gome hilo ni la mti wa Chile uitwao kilaya, na wenyeji wa kule wamelitumia tangu zamani kufulia na kuoshea nywele kwa sababu linatoa povu kama sabuni. Kitu kinachotoa povu ndicho kinachouchokoza mwili. Kikiwa peke yake ni kikali, kinapasua chembe za damu, ndiyo maana hufungwa ndani ya vijipovu vya mafuta pamoja na kolestroli kabla ya kumkaribia mtoto. Mafuta ya bakteria yametolewa kwenye ganda la salmonela na kuvunjwa makali kwa asidi. Mkiyaeleza haya mtakutana na mtu atakayesema, "Basi kumbe ni mitishamba, hata mimi ninayo magome." Mjibuni kwa adabu lakini msiyumbe: gome la kilaya halitibu malaria, na muarobaini uliochemshwa haugeuki chanjo. Gome linauamsha mwili tu; lisipoandamana na kile kipande cha kijidudu, mwili umeamshwa bure. Siku hizi, kwa kuwa miti hiyo haitoshi mahitaji ya dunia, watafiti wa California wameonyesha mwaka 2024 kwamba hamira iliyobadilishwa inaweza kukitengeneza kitu hicho bila kukwangua gome lolote.

Kwa matumizi ya watoto, yale matone ya mafuta yaliachwa na vijipovu vikachukua nafasi yake. Kichocheo hicho kipya kinaitwa AS01. Hapo ndipo watoto wetu walipoingia. Mwaka 2007 chanjo ilijaribiwa Kilifi, upande wa Junju na Pingilikani, na Korogwe kule Tanzania, kwa watoto 894 wa miezi 5 hadi 17. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kinga ya asilimia 53 kwa muda wa miezi minane hivi. Tangu hapo likafuata jaribio kubwa la watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo 11. Mwisho wake, kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 kwa muda wa miaka minne.

Asilimia 36 ni ndogo, tusiipambe. Na habari ngumu kuliko hiyo ilitoka Kilifi yenyewe. Daktari Ally Olotu na wenzake waliwafuatilia watoto wa lile jaribio la kwanza kwa miaka saba. Waliochanjwa dozi tatu bila ya nne walikuwa na kinga ya asilimia 36 hivi katika mwaka wa kwanza. Kufikia mwaka wa nne ilikuwa karibu imekwisha. Na ukijumlisha miaka yote saba ilibaki asilimia 4 na kitu. Katika mwaka wa tano, watoto walioishi penye mbu wengi waliugua zaidi ya wenzao ambao hawakuchanjwa. Hayo yalichapishwa mwaka 2016, na yalichapishwa na wale wale waliokuwa wakiijaribu chanjo. Mimi nawaamini zaidi kwa sababu hiyo. Mwuzaji wa dawa mnadani hakwambii siku ambayo dawa yake itaisha nguvu. Wao walisema, na kwa kusema wakatufundisha kwamba dozi ya nne si ya kubahatisha na chandarua hakitundikwi dari kikasahauliwa.

Kuhusu degedege, ile ambayo wazee wetu huiita nyuni, tusikwepe pia. Katika jaribio kubwa, degedege la homa lilitokea ndani ya wiki ya kuchanjwa kwa watoto wa umri huo, si kwa wengi, lakini mara nyingi zaidi kuliko kwa wale waliopewa chanjo nyingine. Chanzo ni homa, na homa hiyo inakuja na kuamshwa kwa mwili. Yalikuwapo pia mashaka juu ya homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwani na vifo vya wasichana. Ndiyo maana kabla ya kuisambaza kila mahali WHO ilitaka kwanza ijaribiwe katika huduma za kawaida Malawi, Ghana na Kenya. Hapa nchini ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Mashaka yale matatu hayakuonekana tena, na kule ilikotolewa vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. WHO iliipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021.

Mtaulizwa, kama nilivyoulizwa mimi, kwa nini ilianzia kaunti za Ziwa na si Kilifi, ilhali mapaja yaliyojaribiwa yalikuwa ya huku pia. Jibu ni kwamba malaria ya Ziwa ni nzito kuliko yetu, na chanjo ilipelekwa penye makaburi mengi ya watoto. Ni jibu la haki. Lakini swali nalo ni la haki, na anayeliuliza asiangaliwe kama mtu wa fitina. Watu waliotoa watoto wao wapimiwe wanastahili kuelezwa hata kama hawajauliza.

Chanjo ya pili ya malaria, R21, ni ndugu wa ile ya kwanza. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford, inazalishwa na Serum Institute kule India, na kichocheo chake, Matrix-M, kinatoka kwenye gome lile lile la Chile. Kilifi ilikuwamo tena, pamoja na Bagamoyo na vituo vya Mali na Burkina Faso, jumla watoto zaidi ya 4,800. Sehemu kama zetu, ambako malaria haingoji msimu mmoja, ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. WHO iliipendekeza Oktoba 2023, na bei yake wakati huo ilitajwa kuwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi. Uganda iliianza Aprili 2025. Tofauti moja ya mkononi: RTS,S huja vichupa viwili vilivyobanwa pamoja, kimoja unga wa chembe, kingine maji ya kichocheo, na nesi huvichanganya pale pale; R21 huja tayari. Mkiona nesi anachanganya, mwelezeni mama aliye kwenye foleni kinachochanganywa. Hakuna maelezo mazuri kuliko hayo, yuko hapo anaona.

Sisi hatudungi sindano, lakini siku za kliniki za nje tunabeba masanduku ya chanjo, na hapo kichocheo kinatuhusu kwa mikono yetu. Sote tunaliogopa joto la Marafa, na ni sawa. Ile alama ya mraba kwenye lebo ya kichupa hutuonya, ikikolea rangi kuifikia ya duara lake chanjo haitumiki. Lakini alama hiyo haituonyi juu ya baridi, na chanjo zenye alumini huuawa na baridi. Zinatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikiganda, chembe za alumini hushikamana zikaachana na kile kipande zilichokibeba, na hata zikiyeyuka haziwi tena chanjo. Kwa hiyo vipande vya barafu vikitoka kwenye friza visitumbukizwe kwenye sanduku moja kwa moja. Viacheni mezani vitoe jasho, mpaka ukikitikisa kimoja usikie maji yanacheza ndani. Ndipo vipangwe. Mwenye haraka atasema tunachelewa. Achelewe.

Mkishuku kichupa kimeganda, mwambieni nesi afanye jaribio la kutikisa, na muombe mtazame. Huchukuliwa kichupa cha aina ile ile na toleo lile lile, kinagandishwa makusudi mpaka kiwe barafu, kisha kinaachwa kiyeyuke. Vyote viwili vinatikiswa kwa pamoja na kuwekwa mezani. Kilichogandishwa huonyesha mabonge meupe yanayoteremka upesi, na juu panabaki maji matupu. Ikiwa kichupa mnachokishuku kinatulia upesi kama hicho, au upesi zaidi, hakifai. Kikikaa na weupe wake kwa muda mrefu kuliko kile, ni kizima.

Baada ya sindano, mwambieni mama bila kuzunguka: paja litavimba kidogo na mtoto anaweza kuchemka usiku wa leo au kesho. Mtoto asiyechemka naye amechanjwa sawasawa, asije mama akadhani amepewa maji. Watu wengi humpa mtoto Panadol kabla ya kwenda kliniki ili asisumbuke. Tuwakataze, isipokuwa nesi ameagiza. Utafiti wa Jamhuri ya Cheki uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba watoto waliopewa dawa hiyo kwa kinga tangu siku ya sindano walitengeneza kingamwili chache. Homa ikishapanda, apewe kwa kipimo cha uzito wake, anyonyeshwe sana, avuliwe nguo nzito. Homa ikipita siku mbili, au mtoto akikataa kunyonya, akilegea, au akishikwa na degedege, asipelekwe kwingine: ni hospitali ya Marafa moja kwa moja, na mmoja wetu aandamane naye. Na asije mtu akaiita homa ya siku ya tatu kuwa ni chanjo tu. Malaria haipumziki kwa sababu mtoto amedungwa sindano, kwa hiyo apimwe.

Katika mkutano wetu ujao kila mmoja aje na maswali aliyoulizwa nyumba kwa nyumba, ameyaandika kama yalivyotamkwa, hata kama ni ya matusi. Tutayapitia moja moja. Yatakayotushinda tutampelekea nesi wa zamu, na yatakayomshinda yeye tutayaandika barua tuyapeleke Kilifi mjini, kwa wenye maabara, na majibu yatakayorudi yasomwe barazani mbele ya walioyauliza.

Wenu katika kazi,
Katibu